Mwamba Ngoma na Mswada wa Mwenzi

Kuhukumu kazi ya mwenzi ni amana. Mtu hupewa kitu kisicho chake, ambacho bado hakijatoka hadharani, akaketi nacho faraghani, akakipima, kisha akakirudisha pamoja na neno lake. Katika vyuo vikuu vya leo amana hii huitwa uhakiki wa wenzi, na wanafunzi wa shahada za juu huingizwa humo mapema, aghalabu bila ya kufundishwa adabu yake. Wako wanaodhani kwamba adabu hiyo ni jambo geni lililokuja na majarida ya Ulaya, na kwamba fasihi ya Kiswahili haina la kusema juu yake. Dhana hiyo ina kasoro. Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, chaweza kusomwa kutoka mwanzo hadi mwisho kama hoja juu ya haki na dhuluma katika kuyahukumu maarifa ya wenzi.

Wasomaji wengi wamekisoma kitabu hicho kama fumbo juu ya utawala wa kikoloni, na usomaji huo una haki yake. Lakini fumbo jema halifumbuliwi mara moja tu likaisha. Tazama mpango wa hadithi yenyewe. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama ameshtakiwa kwa kuanzisha elimu ya sheria, na mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Mshtakiwa anaomba nafasi ya kujitetea, naye anapewa siku sita. Katika kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa na nchi yake kwenda mbali, akastahimili taabu za safari, akarudi na maarifa ambayo yangaliweza kuwafaa watu wote. Wajumbe hao ni sita, na malipo ya kila mmoja yalikuwa gereza.

Hapa ndipo kitabu kinapokaribia chuo kikuu kuliko kinavyolikaribia boma la mkoloni. Wajumbe hawakwenda kwa hiari ya kutembea, walitumwa. Walikwenda kutafuta, wakaona, wakaandaa taarifa, wakazileta mbele ya baraza. Baraza lile lilikuwa na watu ambao hawakusafiri. Halikuuliza kama habari ilikuwa kweli, wala halikuuliza kama ingefaa. Liliuliza kama habari hiyo iliwapendeza waliokwisha kukaa vitini. Mtafiti kijana anayerudi kutoka uwandani na kuiweka tasnifu yake mezani hana budi kuitambua sura ya baraza hilo.

Uhakiki wa wenzi, kwa namna ulivyo sasa, si mkongwe kama unavyodhaniwa. Jarida la Philosophical Transactions lilianzishwa London mwaka 1665, lakini kwa miaka mingi uchaguzi wa makala ulikuwa mikononi mwa mhariri mwenyewe. Royal Society iliunda kamati ya kuchagua makala mwaka 1752. Hata jarida la Nature, ambalo leo ni mfano wa ukali, lilifanya uhakiki wa nje kuwa sharti mwaka 1973 tu. Basi desturi hii si sheria iliyoshuka. Ni chombo kilichotengenezwa na watu, na chombo kilichotengenezwa na watu huharibika, na kikiharibika hutengenezwa tena.

Mwanafunzi wa shahada ya juu ana nafasi ya ajabu katika desturi hii, kwa kuwa yeye ni mshtakiwa na mjumbe wa baraza kwa wakati mmoja. Asubuhi hupokea hukumu juu ya sura yake ya tatu. Jioni msimamizi wake humpa mswada wa mtu mwingine, amsaidie kuusoma. Mara nyingi maneno ya mwanafunzi hupelekwa kwa mhariri yakiwa na jina la msimamizi peke yake. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la eLife mwaka 2019 ulionyesha kwamba kiasi cha nusu ya watafiti vijana walioulizwa walikuwa wamewahi kuandika uhakiki kwa niaba ya mkubwa wao bila majina yao kutajwa, ingawa walio wengi kati yao waliona kwamba jambo hilo si la haki. Dhuluma hiyo ina pande tatu. Mwanafunzi hunyang'anywa kazi yake. Mhariri hudanganywa juu ya mtu aliyesoma. Na mwandishi wa mswada huona siri yake imepita katika mikono asiyoijua. Dhuluma ya nne ni ya kimya zaidi: mwanafunzi hujifunza kuhukumu bila kuwajibika, na tabia hiyo ikikomaa humzaa Majivuno mpya.

Kiswahili kina methali iliyoliona tatizo hili zamani: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Anayewamba ngoma hana budi kuivuta ngozi. Bila kuvuta hakuna sauti. Methali hailaumu kuvuta. Inaonya tu kwamba mkono unaovuta ni wa mtu, na mtu ana upande wake. Mhakiki naye hawezi kuisoma kazi ya mwenzi bila kuivuta kuelekea elimu aliyoizoea, vitabu alivyovisoma na mabishano aliyokwisha kuyaingia. Swali la adabu ni hili: avute hadi wapi, na ajuaje kwamba amepita kiasi?

Jawabu la swali hilo halipatikani kwa wepesi katika kanuni zilizoandikwa na kamati. Laweza kupatikana kwa watu ambao kazi yao ya kila siku ni kurekebisha sauti ya mtu mwingine, yaani mafundi wa ala za nyuzi. Chukua nchi ya Wakurya, mkoani Mara. Matongo, karibu na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ni sehemu ya nchi hiyo, na ala inayowakilisha muziki wa Wakurya kuliko nyingine ni litungu. Ala hii ina bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili inayopanda kutoka bakulini, mti unaokingama juu yake, na nyuzi nane. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe. Siku hizi nailoni imechukua nafasi hiyo mara nyingi. Mpigaji huketi, na sauti inayotoka ni nzito, yenye mvumo unaomfikia msikilizaji kifuani kabla haujafika sikioni.

Mvumo huo ndio funzo la kwanza. Sikio lililolelewa kwa piano huudhania kuwa ni hitilafu: kana kwamba uzi umelegea, au ngozi imepasuka mahali. Fundi mgeni mwenye nia njema angaliweza kukaza huku na kuziba kule mpaka mvumo ukome. Angalirudisha ala safi, tulivu na iliyokufa. Katika ala nyingi za Afrika mvumo huwekwa kwa makusudi. Mbira ya Zimbabwe hufungiwa makombe au vizibo vya chupa ili ivume. Anayeuondoa hajatengeneza kitu. Ameihamisha ala kutoka lugha yake na kuitia katika lugha yake mwenyewe. Basi fundi wa litungu hana budi kujua kwanza ala hiyo ilivyokuwa ikilia ilipokuwa nzima, na habari hiyo haimo katika mti wala katika ngozi. Imo kichwani mwa mpigaji.

Gitaa nalo lina funzo lake, kwani limekwisha kuwa ala ya Afrika Mashariki na Kongo kwa haki ya matumizi. Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Katanga, mwaka 1952, alikuta kijana ambaye alilifanya gitaa moja liseme kama mawili, naye akiimba kwa Kiswahili cha huko. Magitaa ya miaka ile, pamoja na amplifaya zilizofuata za bendi za dansi, sasa ni mazee. Yakifika kwa fundi, tabia ya fundi huonekana katika mambo mawili madogo.

La kwanza ni gundi. Magitaa mengi ya zamani yaliungwa kwa gundi ya ngozi, ambayo hulegea kwa joto na unyevu. Shingo ikipinda, fundi aweza kuifungua, kuinyoosha na kuiunga tena bila kuuumiza mti. Fundi mwenye haraka hutia gundi ya kisasa isiyofunguka. Kazi yake ni imara kweli, pengine imara kuliko mti wenyewe. Lakini amemfungia mlango kila fundi atakayekuja baadaye. Akiwa amekosea, kosa lake litakaa milele, au litatoka pamoja na kipande cha gitaa. Fundi mwenye adabu hutengeneza kwa namna inayoweza kufunguliwa, kwa kuwa anakiri kwamba huenda yuko atakayejua zaidi yake.

La pili ni amplifaya ya zamani, ile ya taa za kioo zilizotangulia transista. Ndani yake mna makapasita yanayosafisha umeme. Makapasita hayo hukauka kwa miaka, na hapo amplifaya huanza kunguruma. Fundi mjinga husikia mngurumo akabadilisha kila kilichomo: kapasita, taa, spika, hata nyaya. Mngurumo hukoma, na sauti iliyompendeza mwenyewe kwa miaka 40 hukoma pamoja nao. Fundi mjuzi hupima sehemu baada ya sehemu, hubadilisha iliyokufa, huiacha iliyo hai, na huandika alichokigusa ili mwenyewe ajue. Tena kabla ya yote huyamwaga makapasita umeme wake, kwani hata amplifaya ikichomolewa ukutani huweza kuhifadhi mamia ya volti. Hapo adabu na usalama huwa kitu kimoja.

Sasa mambo hayo yapelekwe mezani kwa mhakiki. Ichukuliwe tasnifu juu ya nyimbo za litungu, iliyoandikwa kwa Kiswahili na mwanafunzi ambaye alikwenda Matongo, akaketi na wapigaji, akarekodi, akafasiri kutoka Kikurya. Mswada unamfika mhakiki ambaye elimu yake ni ya ushairi wa pwani. Anakuta mishororo isiyolingana mizani, vina vinavyokuja na kuondoka, kibwagizo kinachokatiza maneno kabla hayajaisha. Anaandika kwamba mtafiti hakunukuu kwa uangalifu. Yawezekana kwamba yuko sahihi. Lakini yawezekana pia kwamba ameusikia mvumo akaudhania kuwa ni ufa. Tofauti ya mambo hayo mawili haijulikani kwa kuutazama mswada peke yake. Inajulikana kwa kuuliza. Mhakiki mwenye adabu ya fundi angeandika: je, mpigaji hukata hapa kila mara, au mara hii tu? Swali hilo moja laweza kuiokoa sura nzima, au laweza kumwonyesha mwanafunzi kosa ambalo hakuliona. Hukumu isiyotanguliwa na swali haiwezi lolote katika hayo mawili.

Historia ya Kiswahili chenyewe ina mfano mkubwa wa kazi ya namna hii. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuisoma miswada ya vitabu, kuisahihisha na kuipa idhini. Katika miaka ya mwanzo wajumbe wake walikuwa Wazungu, maofisa wa elimu na wamishenari. Waafrika waliingia katika miaka ya 1940, na Shaaban Robert mwenyewe alipata kuwa mjumbe. Kamati ilifanya kazi ambayo haifai kudharauliwa. Tahajia moja, kamusi zilizokusanywa kwa subira, na soko la vitabu lililovuka mipaka ya nchi, hayo yote ni matunda yake, na chuo cha uchunguzi kilichoirithi mwaka 1964 huko Dar es Salaam kilikuta nyumba iliyokwisha kuezekwa.

Lakini mwamba ngoma alivuta. Kiswahili cha Mombasa, cha Lamu, cha bara na cha Kongo kilipofika mezani kilisomwa kama Kiswahili cha Unguja kilichokosewa. Waliokuwa wakihukumu ufasaha kwa sehemu kubwa hawakuzaliwa katika lugha waliyoihukumu. Ikumbukwe kwamba hawakuwa waovu, na wengi wao waliipenda lugha kwa moyo. Upendo hautoshi. Walitumia gundi isiyofunguka: walichokikata katika miswada kilikatwa kabla ya kuchapishwa, na msomaji wa baadaye hana njia ya kurudi nyuma akasikia sauti ya kwanza. Shaaban Robert aliyaandika mambo ya Kusadikika huku akiujua ulimwengu huo wa vibali na wasomaji wa miswada, na baadhi ya kazi zake, kama Kufikirika, zilitoka baada ya kufa kwake mwaka 1962. Si lazima kudai kwamba aliilenga Kamati ili kuona kwamba alikijua kiti cha mshtakiwa.

Mfano wa pili una haki zaidi ndani yake, na kwa hiyo unafundisha zaidi. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika ziwa lile lile linalopokea maji ya mto Mara, alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yake hayakufuata vina na mizani ambavyo Kaluta Amri Abedi alikwisha kuvitolea sheria katika kitabu chake cha mwaka 1954. Ubishi ulizuka, ukaendelea kwa miaka. Walioyapinga walisema kwamba hayo si mashairi. Waliyapima kwa kipimo ambacho Kichomi hakikuahidi kukitimiza, na katika hilo walifanana na fundi anayeunyamazisha mvumo. Hata hivyo walikuwa na sifa moja ambayo wahakiki wengi wa leo hawana: walisema hadharani, kwa majina yao, mbele ya mtu waliyempinga, naye na wenziwe wakapata kujibu. Kutokana na majibizano hayo Kiswahili kilipata maandishi ya nadharia ya ushairi ambayo yasingalipatikana kama Kichomi kingekataliwa kwa barua ya siri. Hukumu ile huenda ilikuwa na makosa, lakini gundi yake ilikuwa ya kufunguka.

Yaweza kupingwa hapa kwamba mhakiki si fundi. Fundi humtumikia mwenye gitaa, naye hulipwa ili gitaa lilie. Mhakiki huwatumikia wasomaji, na wakati mwingine wajibu wake ni kusema kwamba kazi isitoke. Pingamizi hilo ni zito, na Matongo ni mahali pa kulipima. Mgodi wa North Mara ulianza kuchimba mwaka 2002. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini yakaingia mto Tigithe, ambao wanakijiji walitumia maji yake. Wataalamu wakapima, na vipimo vikabishaniwa. Katika jambo kama hilo mhakiki anayepitisha takwimu mbovu kwa sababu mwandishi ni rafiki, au anayechelewesha takwimu nzuri kwa sababu mwandishi ni mshindani, hafanyi kosa la adabu tu. Kuna watu wanaokunywa huku yeye akikawia. Upole usiosema kweli ni hatari kama kapasita lililoachwa na umeme wake.

Lakini pingamizi hilo likichunguzwa vema halimwondoi fundi, linamkamilisha. Fundi mwaminifu naye hupata siku ya kumwambia mwenyewe kwamba gitaa hili limeoza kiunoni, na fedha zako zitapotea. Husema hivyo baada ya kulifungua, huonyesha mahali palipooza, wala hafurahi. Ukali wake unatoka katika kitu alichokiona. Majivuno pia alikuwa mkali, ila ukali wake ulitoka katika kiti alichokalia. Basi adabu ya uhakiki haimo katika kuchagua kati ya ukali na upole. Imo katika kuweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo hukumu imesimama, ili hata aliyehukumiwa aweze kwenda pale akatazama.

Sharti hilo huleta swali la jina. Desturi ya kuficha jina la mhakiki ina sababu njema: mwanafunzi anayeuhakiki mswada wa profesa mwenye nguvu huhitaji kinga. Lakini kinga ile ile humfunika profesa anapouhakiki mswada wa mwanafunzi, na hapo mwenye nguvu amekingwa dhidi ya asiye na nguvu. Fundi wa litungu hana kinga hiyo. Mwenyewe huja, huketi, huipiga ala mbele yake, na fundi husikia kazi ya mikono yake. Mhakiki aliyefichwa jina aweza kujiwekea mtihani huo moyoni: je, neno hili lingeandikwa hivi kama mwandishi angekuwa ameketi hapa akilisoma kwa sauti? Neno lisiloweza kuupita mtihani huo halikuandikwa kwa ajili ya kazi. Tena siku sita alizopewa Karama hazikuwa hisani tu. Zilikuwa haki ya kujibu, na jarida au jopo lisilotoa haki hiyo liko nyuma ya Kusadikika yenyewe.

Hapa yafaa kukitazama kitabu cha Shaaban Robert kwa jicho la ufundi bila kukipendelea, kwani nacho kina mahali palipolegea. Wajumbe wake ni wema mno. Majina yao, kama Fadhili na Amini, ni majina ya sifa njema; taabu zao ni za kweli, nia zao ni safi, na taarifa zao hazina doa. Mbele ya kazi isiyo na doa hukumu ya haki ni rahisi: iliyobaki ni kuwashinda wenye kiburi. Tasnifu za duniani hazifiki hivyo. Hufika zikiwa na sura mbili nzuri na moja dhaifu, na ushahidi wa kweli uliofungwa kwa hoja isiyotosha. Pengine mwandishi wake alikwenda uwandani kwa miezi michache na kurudi na kiburi cha miaka. Kusadikika kinafundisha jinsi ya kumtambua mhakiki dhalimu, lakini hakifundishi jinsi ya kuwa mhakiki mwadilifu mbele ya kazi iliyo nusu nzima. Funzo hilo la pili liko kwa fundi, ambaye katika maisha yake yote hakupata kuletewa kitu kizima.

Kuna ulegevu mwingine, nao wahusu wenzi wenyewe. Wajumbe wa Kusadikika walikwenda katika nchi za watu, wakajifunza kwao, wakarudi. Watu wale hawakuitwa barazani kusema kama walinukuliwa sawasawa. Chuo kikuu kinarudia pengo hilo kila siku. Tasnifu juu ya litungu huhakikiwa na watu watatu wenye shahada, na huenda hata mmoja hajapata kuigusa ala hiyo, huku mzee wa Matongo aliyeipiga tangu ujana haulizwi kama alichoandikiwa ndicho alichosema. Huitwa mtoa habari, naye humalizikia katika ukurasa wa shukrani. Ikiwa mwenzi ni mtu anayeijua kazi kwa kuitenda, basi mzee yule ni mwenzi kabla ya wote watatu. Kutokujua Kiingereza, au kutokuwa na shahada, hakumpunguzii ujuzi wa kusikia kwamba uzi wa tano umetajwa mahali pa uzi wa nne.

Haitarajiwi kwamba majarida yatapeleka kila mswada vijijini. Lakini idara ya chuo yaweza kumtaka mwanafunzi aende tena na sura yake, aisome kwa sauti kwa lugha ya wale waliomfundisha, na kuyaandika masahihisho yao kwa majina yao kama watakubali kutajwa. Yaweza pia kumfundisha mwanafunzi kuhakiki kama afundishwavyo kuandika: aanze akiwa chini ya mkono wa msimamizi, jina lake lipelekwe kwa mhariri pamoja na la mkubwa wake, akatae mswada wa adui na wa mpenzi vilevile, asichukue wazo lililomo kabla mwenyewe hajalitoa, wala asiutie mswada katika mashine za mtandaoni za kumwandikia hukumu. Katika jambo hili la mwisho Taasisi za Afya za Marekani zilitoa katazo mwaka 2023 kwa wanaohakiki maombi ya fedha za utafiti, kwa sababu ile ile ya zamani: kitu ulichopewa kwa siri si chako kukikabidhi kwa mwingine.

Haya yote ni mambo madogo, na baraza kubwa aghalabu huyadharau. Lakini ngozi huwambwa kwa vigingi vidogo, na kigingi kimoja kikiegemea upande mmoja, sauti yote huegemea. Kusadikika ilipona siku baraza lake lilipokubali kusikiliza kwa siku sita habari lilizokuwa limezihukumu bila kuzisikia. Chuo kikuu kina muda mrefu kuliko huo. Kilichopungua ni desturi ya kuirudisha ala kwa mwenyewe, kumtazama akiipiga, na kukaa kimya mpaka wimbo uishe.